Mkwe Aliyekaa Upande wa Kushoto

Leonidasi wa Mugoma alikuwa na ugonjwa wenye adabu. Ulikuja bila kuuma, ukakaa dakika ishirini hivi, ukaondoka bila kuvunja kitu. Katika nyumba ambayo mtu haruhusiwi kulala mchana mpaka malaria yake iwe na cheti, ugonjwa wa namna hiyo hauna pa kufikia.

Ulimwanza miaka sita kabla ya mambo haya, akiwa shambani anapogolea kahawa. Kitone cha mwanga kilitokea katikati ya tawi, kidogo kama punje ya ulezi. Akadhani ni jua. Akahamia kivulini, kitone kikahama naye. Akafumba macho, akakikuta humo humo ndani kinamsubiri. Kisha kikaanza kukua taratibu, kikapinda kama upinde, na ule upinde ukaota meno kama ya msumeno, yanayometameta kama bati jipya la mtu aliyeuza kahawa vizuri. Nyuma ya upinde hapakuwa na giza. Giza angelielewa. Hapakuwa na kitu. Nusu ya mti wa kahawa ilikuwa imekwenda zake, na nusu iliyobaki ilijifanya haina habari.

Baada ya muda mti ulirudi mzima. Leonidasi akaenda nyumbani kumweleza mkewe, Restuta, ambaye alikuwa anamenya ndizi.

"Kichwa kinauma?" Restuta akauliza.

"Hakiumi."

"Tumbo?"

"Halina neno."

"Sasa unaumwa wapi?"

Leonidasi akatafuta mahali. "Siumwi. Nilikuwa naona nusu."

"Basi ile nusu unayoiona, kaitumie kumfungia mbuzi kamba," akasema Restuta. Ndizi zikaendelea kumenywa.

Tangu hapo ugonjwa ulimtembelea mara tatu au nne kwa mwaka. Alinunua miwani mnadani, ikamsaidia kuona vizuri zaidi kile kisichokuwepo. Aliombewa na jumuiya, akatoa shukrani kwa sababu ilipoisha sala ugonjwa nao ulikuwa umeisha, na hakutaka kuwavunja moyo watu waliopiga magoti. Mwisho akaamua kunyamaza. Sababu ya kunyamaza ilikuwa binti yake, Priscila.

Huku kwetu, kabla watu hawajaongea habari za mahari, wazee huulizana polepole, kama wanaulizia mvua: kwenu kuna anayeanguka? Maana yake kifafa. Anayejibu "hakuna anayeanguka, ila baba yake bibi harusi hupotewa na nusu ya dunia" ajue binti atazeekea jikoni kwa mama yake. Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja, Leonidasi aligeukia ukutani, akajifanya anasoma kalenda ya parokia. Watu walimwona mtu anayejali sana sikukuu za watakatifu.

Priscila alikuwa mwalimu wa chekechea, na mchumba wake, Fabrice, alikuwa fundi wa pampu za maji huko Runazi, wilaya ya Biharamulo. Baba yake Fabrice aliitwa Manirakiza. Watu wake walitoka Burundi wakati wa vita, yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, na tangu hapo amelima mahindi, mihogo na maharage ya Runazi mpaka udongo wenyewe unamjua kwa jina. Alikuwa mtu wa maneno machache na suti moja ya kahawia.

Siku ya wakwe kuja Mugoma, huku Ngara, chungu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kilikuwa kimeiva. Utaratibu wa chungu si mgumu. Wageni hukaa nusu duara. Baba wa mume mtarajiwa hukaa kushoto kwa mwenye nyumba, kiti cha kwanza. Mwenye nyumba huchota rubisi kwenye kibuyu, hunywa funda la kwanza kwa mrija ili watu waone haina kitu, huufuta mrija, halafu humpa mkwe kibuyu kwa mikono miwili. Mkwe hunywa, humpa anayefuata, na undugu huanza hapo. Hakuna hotuba inayoweza kuharibu jambo hilo, na zipo zilizojaribu. Kitu kimoja tu hakifanywi. Mtu harukwi. Ukimruka mtu kwenye kibuyu umemwambia, mbele ya watu wake, kwamba nyumba yako na yake hazishiriki mrija. Zamani alirukwa yule aliyeshukiwa sumu, na siku hizi harukwi mtu yeyote, kwa kuwa hata wanaoshukiwa sumu wana ndugu wakali.

Leonidasi hakuwa amelala vizuri siku mbili, na tangu asubuhi hakuwa ameweka kitu mdomoni. Akachota. Akanywa funda la kwanza. Alipokuwa anafuta mrija, punje ya ulezi ikatokea.

Angeweza kusema. Angeweza kuomba radhi, akaenda kusoma kalenda. Lakini macho ya watu wote yalikuwa kwenye kibuyu, na mshenga wa akina Manirakiza, Erasmus, mtu aliyejua ukoo wa kila mbuzi wa Ngara, alikuwa amekaa kiti cha pili akimtazama kwa makini. Leonidasi akajiambia awahi kabla upinde haujapanda. Akafuta mrija mara ya pili, akaongea maneno ya ukaribisho, nayo yakawa marefu kuliko alivyokusudia. Upinde ukapanda. Alipogeuka kutoa kibuyu, upande wa kushoto ulikuwa umekwenda zake. Mahali pa Manirakiza palikuwa na migomba tu, kama kwingine kote.

Mtu wa kwanza aliyeonekana alikuwa Erasmus. Leonidasi akafikiri kwamba mkwe ametoka kidogo kujisaidia. Mtu wa safari ndefu, inaeleweka. Kuuliza "mkwe yuko wapi?" kungekuwa kumwaibisha mgeni. Kwa heshima hiyo yote, akanyoosha mikono miwili na kumpa kibuyu Erasmus.

Erasmus akakwama katikati ya matusi mawili. Kukipokea ni kumtukana Manirakiza, kukikataa ni kumtukana mwenye nyumba. Akafumba macho, akanywa.

Manirakiza akasimama, akashika kofia yake. "Tumeshukuru kwa viti," akasema.

Wageni wakaingia kwenye gari lao. Gari lilipokuwa linageuza uani, upinde ukamalizikia pembeni ya jicho na dunia ikarudi nzima. Leonidasi akaona kiti cha kwanza kitupu, na safari hii kilikuwa kitupu kweli.

"Umemruka mkwe," akasema Restuta.

"Alikuwa ametoka."

"Alikuwa amekaa. Alinyoosha mikono yote miwili. Umepitisha kibuyu juu ya vidole vyake kama unapitisha mzigo juu ya ua."

Siku ya tatu Erasmus akaleta ujumbe kutoka Runazi. Aliusema akiwa amesimama, kwa sababu ujumbe mbaya haukaliwi. "Manirakiza anasema ameelewa. Anasema wamekaa nchi hii miaka hamsini, wana vitambulisho, wanachanjwa, wanapiga kura, ila kumbe chungu bado hakijawaandikisha. Fabrice ameambiwa atafute kwingine."

Priscila alikuwa anachambua maharage. Alikuwa anachambua maharage hayo hayo tangu siku ya tukio, na hayakuwa na hata jiwe moja tena.

"Mimi ningekushauri useme ulikuwa umelewa," Erasmus akaendelea, alipokwisha kuelezwa habari ya upinde. "Ulevi unajulikana. Ulevi una faini yake, mbuzi mmoja, watu wanacheka, wanakaa. Kuona nusu hakuna faini."

"Nilikunywa funda moja."

"Sema ulianza asubuhi."

Leonidasi akaona ni ushauri mzuri. Ni Restuta aliyeukataa. "Mlevi akikuruka utasema nini? Utasema pombe imemtoa ya moyoni. Bora hata angekuruka mkavu."

Priscila akaweka ungo chini. "Baba, ulimwona au hukumwona?"

"Sikumwona."

"Basi kaseme hivyo."

"Wakisema ni kifafa?"

"Na wakisema ni dharau, ndiyo nafuu?"

Kesho yake Leonidasi akaenda hospitali. Akaongozana na mama yake, bibi Evarista, mwenye miaka sabini na nane, aliyekuwa na kliniki yake ya presha siku hiyo hiyo. Daktari aliitwa Josiane, na kwa umri angeweza kuwa binti wa Leonidasi, jambo ambalo Leonidasi hakumficha.

"Shikamoo baba. Kichwa kinauma?"

"Marahaba. Hakiumi, na usinifukuze," akasema Leonidasi.

Hakumfukuza. Aliuliza mambo ambayo kwa miaka sita hakuna aliyeyauliza. Kinaanza ghafla au kinatambaa? Kinatambaa. Ukifumba jicho moja kinabaki? Kinabaki, ufumbe lipi usifumbe lipi. Mkono unalegea, mdomo unapinda, unaanguka, unapotewa na fahamu? Hapana. Kinachukua muda gani? Kama rozari moja, ukisali bila haraka. Akampa karatasi achore. Leonidasi akachora upinde wenye meno.

Bibi Evarista, aliyekuwa benchi la ukutani akisubiri presha yake, akanyoosha shingo. "Ah, hilo? Hilo si jua la jikoni?"

Wote wakamgeukia.

"Likija unakaa chini, unashika mwiko, unasubiri lipite," akasema bibi. "Mimi ninalo tangu usichana wangu."

"Mama, mbona hukusema hata siku moja?"

"Nilijua watu wote wanalo. Na nyie hamkuuliza. Mlikuwa mnataka chakula."

Daktari Josiane akaandika hilo pia. Akampima Leonidasi presha, sukari na moyo, akammulika macho, akampigisha hatua kwenye mstari wa vigae. Halafu akakaa.

"Baba, unajua kipandauso?"

"Kile cha kichwa kuuma upande mmoja? Ninakijua kwa jirani."

"Hicho hicho. Kwa watu wengine, kabla kichwa hakijauma, huja mwanga kama huu uliouchora. Kwa wengine mwanga unakuja na kichwa hakiumi kabisa. Hicho ndicho chako, na nadhani ndicho cha bibi. Macho yako ni mazima. Kinachotokea kiko kisogoni, mahali ubongo unapotengeneza picha. Kuna kitu kama wimbi kinapita pale polepole, na kinapopita, picha ya upande huo inazimika. Kikiisha, inawaka."

"Kumbe ni kipandauso kisicho na kichwa."

"Kichwa unacho. Maumivu ndiyo huna." Akamwambia asikae na njaa, asikeshe, avae kofia juani, na likimkuta njiani akae pembeni, asipande hata baiskeli. Akamwambia pia kwamba siku picha ikizimika ghafla kwa mpigo mmoja, au kwa jicho moja tu, au mkono ukilegea, au ikapita saa nzima, asiende kusoma kalenda yoyote, aje hospitali mbio.

"Na kifafa?"

"Si kifafa. Na hata kifafa kina dawa, baba, si doa la ukoo. Lakini hiki si chenyewe."

Leonidasi akaomba aandikiwe. Daktari akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, akagonga mhuri. Leonidasi akaisoma barua mpaka mwisho, akairudisha mezani.

"Daktari, hapa umeandika 'bila maumivu ya kichwa'. Huwezi kuniongezea maumivu kidogo? Hata ya paji la uso tu. Watu wa kwetu bila maumivu hawaelewi."

"Siandiki kisichokuwepo."

"Tunaongelea ndoa ya mtu."

"Ndiyo maana siandiki kisichokuwepo," akasema daktari Josiane, akamwita bibi kwenye kipimo.

Siku iliyofuata Leonidasi akaenda Runazi peke yake. Alimkuta Manirakiza uani anamenya mihogo. Akaonyeshwa kigoda, na mihogo ikaendelea.

"Leo unaniona?" Manirakiza akauliza.

"Nakuona."

"Mzima?"

"Mzima."

"Maana sijabadilika sana."

Leonidasi akatoa barua pamoja na ule mchoro wake. Manirakiza akafuta mikono kwenye suruali, akaishika mbali na uso, akaisoma kwa muda unaotosha kuisoma mara mbili. Kisha akatazama mchoro.

"Hapa wanasema hakuna maumivu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siku ile wewe hukuumia."

"Sikuumia."

"Mimi niliumia," akasema Manirakiza.

Kuku akapita kati yao, akadonoa ganda la muhogo, akaendelea na shughuli zake. Leonidasi alikuwa ameandaa maneno tangu Mugoma, tena mazuri, na sasa hakuona hata moja lenye kazi pale.

"Ninajua," akasema. "Ndiyo maana sikumtuma mshenga. Nilipaswa kusema 'sioni'. Nikaona aibu kusema, nikakutwika wewe aibu yangu."

"Mahali pangu palikuwa na nini?"

"Migomba."

"Migomba tu?"

"Migomba tu, kama kwingine kote."

Manirakiza akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari anayoijua. "Watu wengi wameniona nusu tangu tulipovuka mto Ruvubu," akasema. "Ofisini, mnadani, kwenye foleni ya mbolea. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea cheti."

Akaikunja barua, akaiweka mfukoni mwa shati. "Hii inabaki kwangu."

"Ibaki. Lakini kuna jambo halimo humo." Leonidasi akasogeza kigoda karibu. "Ugonjwa huu uko kwenye ukoo. Mama yangu anao. Priscila anaweza kuwa nao, na watoto wake. Si kifafa, ila uko. Nakwambia sasa ili usije kusema tulikuficha."

Manirakiza akaokota muhogo mwingine, akaugeuza kutafuta pa kuanzia. "Dakika ngapi?"

"Ishirini. Ukizidi sana, ishirini na tano."

"Mke wangu akikasirika hanioni siku tatu."

"Nimesikia," ikasema sauti ya mwanamke kutoka ndani. Huyo ndiye Esperansia, mama yake Fabrice, aliyekuwa amesikia yote tangu kigoda.

"Umesikia na la ukoo?"

"Nimesikia. Fabrice aambiwe na binti mwenyewe. Mwambie mgeni, huyo kuku hachinjwi, lakini chai ipo."

Kabla ya kuaga, Manirakiza akatoa sharti lake. Hakutaka mbuzi. Alitaka chungu kirudiwe, watu wale wale, viti vile vile, yeye kushoto. "Na likikujia, utasema. Kwa sauti. Mbele ya watu wote."

Hilo lilikuwa zito kuliko mbuzi, na wote wawili walilijua.

Priscila alimwambia Fabrice mwenyewe, kwa simu, akiwa amejitenga na watu huku nyumba nzima ikimsikiliza. Fabrice akauliza kama hilo jua la jikoni linazuia mtu kufundisha chekechea. Priscila akasema halizuii. Fabrice akasema basi.

Chungu kikarudiwa baada ya wiki tatu. Restuta alimlaza mumewe mapema siku mbili mfululizo kama mtoto wa mtihani, akamnywesha uji asubuhi, akamkalisha mahali pasipo na jua, akamvalisha kofia. Wageni wakakaa viti vile vile. Manirakiza alivaa suti ya kahawia. Leonidasi akachota, akanywa funda la kwanza, akafuta mrija.

Punje ya ulezi ikatokea pale pale ilipotokea mara ya kwanza, kana kwamba nayo imealikwa.

Akausikia mdomo wake unaanza maneno ya ukaribisho. Akaufunga. Alijua muda alionao: kwa haraka kidogo angeweza kutoa kibuyu kabla upinde haujapanda, na hakuna ambaye angejua. Akakiweka kibuyu magotini.

"Limekuja," akasema. "Sitaona upande wa kushoto. Naomba mnisubiri."

Restuta akafumba macho. Erasmus akavuta kiti chake nyuma, kisije kikamkuta tena kibuyu ambacho si chake. Manirakiza akatoa simu mfukoni.

"Saa nane na dakika kumi na moja," akasema, akaiweka simu gotini.

Wakasubiri. Watu thelathini na tano wakakaa nusu duara, wakitazama kibuyu. Mjomba mmoja aliyechelewa akauliza kwa sauti ya chini wanasubiri nini, akajibiwa wanasubiri macho ya mwenye nyumba, akaketi.

"Limefika wapi?" bibi Evarista akauliza kutoka mlangoni.

"Katikati."

"Bado litapanda," akasema bibi, kama anayeongelea maziwa yaliyo jikoni.

Upinde ukapanda. Meno yakametameta. Suti ya kahawia ikaondoka, ikaondoka kofia, kikaondoka kiti. Leonidasi akaikazia macho ile migomba iliyokuja kukaa mahali pa mtu, na kwa mara ya kwanza ikamtia hofu.

"Nipo," ikasema migomba.

"Nimekusikia, mkwe."

Baada ya dakika tano migomba ikasema tena "nipo", bila haraka, na ikaendelea hivyo, kila baada ya kitambo, mpaka Leonidasi akaacha kuhesabu. Kisha kiatu kimoja kikarudi. Kikafuata kingine. Likaja goti lenye simu, yakaja mabega, ikaja kofia, na chini ya kofia uso wa Manirakiza, mzima, ukimtazama yeye moja kwa moja.

Leonidasi akanyanyua kibuyu kwa mikono miwili.

"Karibu, mkwe," akasema. "Umefika saa ngapi?"

Manirakiza akatazama simu yake. "Saa nane na thelathini na mbili," akasema, akapokea, akanywa.